Tutawavulia Nguo

Bujonde, Kyela
Jumapili, 2 Juni 2024

Mpendwa mkwe wangu, Mwalimu Restituta,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na Mzee Sylvester, na kwamba ule mguu alioutegua siku za Pasaka sasa anaukanyagia. Sisi huku hatujambo. Maji yameshuka mashambani, mpunga tumevuna, uliobaki ni wa kupiga tu. Kakao tunaanika, ila jua la wiki hii linatoka kama halitaki. Anitha mzima, na mwanao Vitus alipita hapa jana akitokea kwake Bondeni, akala ndizi akashiba. Wote wawili hawajui kama nakuandikia.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu ambaye mko naye kundi moja la wasapu. Mkwe, simu imeniponza. Nimeona nirudi kwenye kalamu, ambayo haijawahi kuniaibisha.

Najua umeiona ile meseji yangu kwenye kundi la sendofu ya watoto wetu. Kama uliipita, basi nainakili hapa kama ilivyokuwa, kwa sababu nimeshachoka kuificha:

"Wakwe ze2 wapendwa, mcjali vumbi la njiani. Mje 2 bila wacwac. Mkifika cc akina mama wa Bujonde 2tawavulia nguo wote, wakubwa kwa wadogo, kexho yake mtavaa xafi. Mungu awa2nze xana."

Nilitaka kuandika kufua. Kufulia. Mtoke Songea mpaka huku, vumbi la njia yote hiyo, mkabidhi nguo zenu za safari, asubuhi mzikute zimepigwa pasi. Kwetu mgeni aliyelala nyumbani haondoki na nguo chafu, ni aibu ya mwenye nyumba. Lakini sisi Wanyakyusa katika lugha yetu hatuna hiyo v. Tangu shule ya msingi tulikuwa tunachapwa kwa ajili yake, na mtu aliyechapwa kwa v akikua huiweka hata mahali isipotakiwa, ili mradi awe salama.

Na wewe hujui bado mila za huku. Mkwe kwetu ni mtu wa kuogopwa. Mama yangu mzazi hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Akimwona anakuja njiani, yeye anaingia kwenye migomba mpaka apite. Leo mimi mtoto wake nimetangaza mbele ya kundi zima kwamba nitamvulia nguo Mzee Sylvester. Wakubwa kwa wadogo.

Nilicheka, nisikufiche. Nilicheka mpaka Tumaini, mwanangu wa mwisho, akaja kuniangalia jikoni. Watu wakipiga skrinshoti na kupelekeana, wapelekeane, kucheka hakujamuua mtu.

Kilichonifanya nikuandikie ni kingine. Alhamisi shemeji yangu Asajile, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuja kutoka Mbeya na ratiba ya sendofu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati. Mahali palipokuwa pameandikwa "Neno la mama" sasa pameandikwa "Neno la familia, Bwana Asajile". Nikamwuliza, akaniambia, "Shemeji, wale ni watu waliosoma. Wameshaona unavyoandika. Wenyewe upande wa pili wameshauri usaidiwe."

Nikamwambia, "Nisaidiwe kusema na mwanangu niliyemzaa?"

Akasema, "Usaidiwe usituaibishe."

Basi, mkwe, naomba unijibu hilo moja tu. Ni kweli mlishauri hivyo? Nikijua, nitajua namna ya kukaa.

Wako katika Kristo,
Atupele, mama Anitha


Songea
14 Juni 2024

Kwa Mama Anitha,

Milele, amina. Barua yako imenifikia jana, nami nashukuru. Mguu wa mume wangu umepona, na amenituma nikupe salamu zake. Ile meseji aliisoma. Alicheka mpaka akaenda kunywa maji, kisha akauliza kama apige pasi nguo za ndani pia au nyinyi mtazipiga. Nakuambia hili ili ujue kwamba hapa hakuna aliyechukia.

Kuhusu swali lako: hakuna mtu wa upande wetu aliyemwambia Bwana Asajile akuondoe kwenye ratiba. Hilo ni jambo la familia yenu na sisi hatuwezi kuliingilia. Hata hivyo, ukitaka, naweza kumpigia simu.

Naomba nikuulize jambo nami, na usinielewe vibaya. Nimefundisha darasa la tatu na la nne miaka mingi. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi nikitafuta makosa, kwa mazoea tu ya kazi. Sikuyaona. Sentensi zako zimekaa, nukta ziko mahali pake, na nilicheka palepale ulipotaka nicheke. Kisha nikafungua simu, nikasoma meseji zako za tangu mwezi wa tatu, zile za "xaxa" na "2po" na "cjui". Sikuweza kuamini kwamba ni mtu mmoja.

Je, ni nani aliyekuandikia hii barua? Kama ni Anitha, hakuna ubaya wowote. Nataka tu kujua ninazungumza na nani.

Wako,
Restituta


Bujonde
Jumatatu, 24 Juni 2024

Mpendwa mkwe,

Tumsifu Yesu Kristo. Mugonile huko Songea, ndivyo tunavyosalimiana sisi asubuhi, tukiuliza kama mmelala. Mimi baada ya barua yako sikulala vizuri, lakini nimeamka mzima.

Unazungumza na mimi. Hakuna aliyeniandikia. Naandika juu ya meza ya kulia chakula, Tumaini yuko shule, Anitha yuko zahanati kazini kwake, na kuku wako mlangoni. Nilimaliza darasa la saba. Sikufaulu kwenda mbele, nafasi zilikuwa chache, na nyumbani baba alisema wavulana kwanza. Lakini kusoma na kuandika nilivipokea vyote viwili, sikuacha hata kimoja. Kwenye jumuiya yetu mimi ndiye ninayeandika barua za kwenda parokiani, na paroko hajawahi kurudisha hata moja.

Siri yangu ni hii. Nikiwa na kalamu, kila neno ninalolitilia shaka nalitafuta kwenye Maandiko mpaka nilione limeandikwaje. Lile la kufua nimelikuta pale wana wa Israeli walipoambiwa wafue nguo zao kabla ya kukutana na Mungu. Laiti ningelitafuta mapema. Lakini simu haikupi nafasi hiyo. Unaandika umesimama, sufuria inachemka, watu wameshajibu, mazungumzo yameshapita.

Sasa hizo x na 2. Mkwe, hapa nitakuambia ukweli na wewe ucheke ukipenda. Hizo nilijifunza kwa ajili yenu.

Vitus alipomposa Anitha, nikasikia mama yake ni mwalimu na baba yake alikuwa afisa wa ardhi. Nikaingiwa na wasiwasi nitaandikaje kwenye kundi moja na watu kama hao. Nikamwuliza Tumaini, "Watu waliosoma wanaandikaje kwenye simu?" Yuko kidato cha tatu, nikajua anajua. Akanifundisha. Sasa unaandika xaxa. Sisi unaandika cc. Tupo unaweka mbili. Nilikaa naye jioni kadhaa nikijifunza kama mtu anayejifunza Kiingereza, na nilipoiweza nilijisifu. Kwa hiyo kila x uliyoiona, mkwe, ni kama kitenge kipya. Nilikuwa nimekivaa kwa heshima yenu. Na nyinyi mkaniona nimekuja na matambara.

Sikulaumu. Hata sisi huku tulikuwa na letu. Meseji zako ni fupi na zina nukta. "Asante. Nimepokea." "Sawa. Tutajadili." Dada zangu wakizisoma wanasema, huyu mama ana kiburi, hana hata kikopa kimoja cha moyo cha kutuma. Mimi nikawa nakutetea, ila moyoni nilikuogopa.

Unasema unaweza kumpigia Asajile. Usimpigie. Nikipewa nafasi ya kusema kwa sababu mkwe amenihurumia, basi hata nikiisema itakuwa imekwisha nguvu.

Lakini nikueleze kwa nini nafasi hiyo naitaka, usije ukadhani ni kupenda kipaza sauti. Mume wangu Hezroni alifariki Anitha akiwa kidato cha pili. Kabla hajatutoka aliniachia neno la kumpa Anitha siku atakapotoka nyumbani kwenda kuolewa. Akasema nimpe mbele ya watu, si pembeni. Nimelibeba neno hilo peke yangu mpaka leo. Asajile halijui, Anitha mwenyewe halijui. Asajile nikimwambia atalisoma kwenye karatasi katikati ya shukrani za kamati na tangazo la gari lililoziba njia. Hezroni hakunipa ili lisomwe. Alinipa mimi.

Na neno lenyewe ni la Kinyakyusa, kwa hiyo ulimi wangu hautaniangusha.

Wako,
Atupele


Songea
5 Julai 2024

Mpendwa Atupele,

Tumsifu Yesu Kristo. Kuanzia leo nitakuita kwa jina lako, kama hutajali.

Barua yako nilimsomea mume wangu kwa sauti. Tulipofika kwenye kitenge kipya alininyang'anya akaendelea kusoma mwenyewe mpaka mwisho.

Nina mambo mawili ya kukuambia, na la kwanza ni gumu. Nilikuandikia kwamba hakuna aliyemwambia Bwana Asajile akuondoe. Ni kweli, lakini sikukumalizia. Alinipigia mwezi wa tano kuhusu ratiba, na katika maongezi nikamwuliza, "Mama wa binti ataweza kweli kusimama mbele ya watu? Labda asaidiwe." Ndivyo nilivyosema. Sikuwa nimewahi kukuona wala kusikia sauti yako. Nilichokuwa nacho ni zile x tu, nikajenga mtu mzima kwa x. Nikamwona mama asiyeweza kupanga mawazo mawili. Nilidhani nakuhurumia.

La pili hata Vitus halijui. Zile nukta mnazoziona ni za woga. Mimi kila ujumbe wa kwenye kundi nauandika kwanza kwa penseli kwenye karatasi. Naufuta, naurekebisha, nausoma tena, ndipo naunakili kwenye simu. Mwalimu akikosea mbele ya watu hasamehewi, Atupele. Nikishamaliza, nakuta watu wamehamia jambo lingine, basi naukata naukata mpaka yanabaki maneno mawili na nukta. Mnaponiona nina akili nyingi na maneno machache, kumbe maneno yalikuwa mengi, yamebaki kwenye karatasi. Nilitamani sana kukujibu ile meseji ya nguo. Nilikuwa na jibu zuri la kuwachekesha wote. Nililiandika kwa penseli, nikalifuta.

Naomba uniruhusu nimwambie Bwana Asajile kwamba nilikosea. Sitasema zaidi ya hapo.

Wako,
Restituta


Bujonde
21 Julai 2024

Mpendwa Restituta,

Nimechelewa kukujibu, na sababu si kazi. Nilikasirika. Nikaenda shambani, nikavunja maganda ya kakao mchana kutwa bila kuongea na mtu, mpaka dada zangu wakadhani naumwa jino. Jumapili kwenye misa, wakati wa kutakiana amani, nikakukumbuka wewe, na nikaona siwezi kumshika mkono mtu wa benchi la nyuma huku nimemfungia mtu wa Songea. Basi nimekusamehe. Nimekuambia nilikasirika kwanza ili ujue msamaha huu nimeulipia.

Asajile usimwambie kitu. Amekuja tena wiki hii, ratiba ameshaichapisha, nzuri, ina picha ya maua. Mimi niko ukurasa wa pili: "Mama mzazi, kupokea zawadi." Nikamwambia imependeza. Hakutegemea niseme hivyo.

Neno la Hezroni litasemwa. Sijui litapitia wapi, ila Mungu aliyelitunza tangu mume wangu azikwe hataliacha tarehe kumi Agosti saa ya chakula.

Njooni. Beseni tumenunua, sabuni ipo, na kamba Tumaini amezifunga kutoka kwenye mnazi mpaka kwenye mlango wa jiko. Mwambie Mzee Sylvester aje na nguo chafu za kutosha.

Wako,
Atupele


Songea
15 Agosti 2024

Mpendwa Atupele, mkwe wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo wote hapo nyumbani? Sisi tumefika salama, basi lilitufikisha juzi jioni, na kila mmoja wetu alishuka na nguo safi zilizokunjwa kama za dukani. Majirani waliuliza tumetoka safari au tunakwenda. Sylvester anaulizia shati lake la bluu, anadhani limebaki kwenye kamba yenu.

Wewe ulikuwa mbele, hukuona meza yetu, kwa hiyo acha nikueleze ilivyoonekana kutoka huku.

Kwanza nikiri la kwangu. Tangu Makambako nilikuwa na kikaratasi kwenye pochi. Nilikuwa nimeandika kwamba nikishuka tu, mbele ya akina mama wote, nitakukabidhi mtandio wangu wa safari niseme, "Mkwe, uliahidi, nimekuja nivuliwe." Nilikuwa nimelipima, nimelirekebisha. Tukashuka, mkaja na nyimbo, ukanishika mikono yote miwili, nami nikasema, "Asante. Tumefika salama." Pamoja na nukta yake.

Kisha ukumbini. Bwana Asajile aliposimama na karatasi yake kutoa neno la familia, mimi nilikuwa natazama mikono yako. Ulikuwa umeishika ratiba umeikunja kama fimbo. Alisoma vizuri, lazima tumpe haki yake, mpaka alipofika kwa mwanangu. "Tunamshukuru kijana wetu kwa moyo wake," akasema, "kwa namna alivyomfisha Anitha leo mbele ya wazazi wote."

Alitaka kusema kumvisha. Kumvisha pete. Lakini kipaza sauti kilikuwa kimefunguliwa mpaka mwisho, na wale vijana wetu wa meza ya nyuma wakasikia kwamba Vitus amemuua bibi harusi. Kicheko kikaanza huko nyuma. Bwana Asajile akarudia, ili arekebishe, na ikatoka ileile. Nikamwona jasho linamtoka. Moyoni nikasema, sasa Atupele amelipiziwa. Nilijua ungekaa kimya, na hakuna ambaye angekulaumu.

Ndipo nikakuona umesimama. Hukumsubiri mshereheshaji. Ulikwenda ukasimama kando ya shemeji yako, ukaweka mkono begani kwake, ukasema kwa sauti ya kawaida tu, na tukakusikia wote:

"Wakwe, mtuvumilie. Mimi niliwaahidi kuwavua nguo. Shemeji yangu ameshamfisha bibi harusi. Ukoo wetu ndivyo ulivyo. Kufufua tumemwachia Bwana."

Atupele, Sylvester alipiga meza mpaka soda ikamwagika. Dada yangu aliyekuwa amesambaza ile skrinshoti mpaka Mbinga alikuwa anafuta machozi ananiambia, "Huyu ndiye yule wa x?" Nikamwambia ndiye. Nilimwambia kwa majivuno, kana kwamba mimi ndiye niliyekufundisha.

Na Bwana Asajile, ambaye nilimdhania mtu mgumu, alikuwa anacheka kuliko sisi wote, kicheko cha mtu aliyeokolewa majini. Akakunja karatasi yake, akakupa kipaza sauti. "Shemeji," akasema, "malizia wewe, mimi nimeshaua."

Hapo nikakaa sawa kwenye kiti nisikie neno la mume wako. Nilidhani litakuwa refu. Ukamwita Anitha asimame, ukamwambia, "Baba yako aliniachia neno nikupe siku ya leo, mbele ya watu. Amesema, ndaga fijo." Ukamrudishia shemeji yako kipaza sauti ukaenda kukaa.

Nikafikiri umesahau mengine kwa uchungu. Kisha nikaona wazee wa meza yenu wameinamisha vichwa. Anitha alikuwa chini amepiga magoti, na Vitus hakujua amwinue au amwache. Nilimwuliza Vitus baadaye, akasema maana yake ni asante sana. Nikabaki na hilo njia nzima. Asante sana tu? Mbona watu wazima waliinamisha vichwa? Naomba unieleze, kama si siri.

Wako,
Restituta


Bujonde
Jumapili, 1 Septemba 2024

Mpendwa mkwe na dada yangu Restituta,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa peke yangu, kisha nikamsomea Asajile kwenye simu ile sehemu ya jasho. Ameikataa. Anasema lilikuwa joto la Kyela.

Shati la bluu liko hapa. Halikusahauliwa na mtu, nililificha mimi. Mwambie Mzee Sylvester alifuate mwenyewe.

Sasa la ndaga fijo. Vitus amekutafsiria sawa, ni asante sana. Lakini kwetu baba hamshukuru mtoto. Mtoto akikuletea maji, amefanya kazi yake. Akikulimia, chakula anakula yeye pia. Nilikaa na Hezroni miaka yote ile, na neno hilo alilitoa kwa wageni, kwa majirani, kwa Mungu mezani, kwa mtoto hata siku moja. Na hakuwa mtu mbaya, ndivyo alivyolelewa.

Alipougua, alishindwa kushika kitu. Mimi nilikuwa shambani, mtu asipolima watoto hawali. Aliyemhudumia ni Anitha, kabla ya shule na baada ya shule. Alimlisha uji, na kila Jumamosi alimnyoa ndevu, ili Jumapili paroko akileta komunyo amkute baba yake ni nadhifu. Msichana wa kidato cha pili. Hezroni alikuwa anafumba macho wakati wa kunyolewa. Anitha alidhani baba anaona aibu. Ilikuwa kwamba akimtazama neno lingemtoka, na yeye hakuwa amewahi kulitoa. Akaniambia, "Mimi nimeshindwa. Siku ile atakapotoka, mwambie wewe, na watu wasikie, wajue mtoto wangu alinifanyia nini." Ndilo hilo neno. Wazee wa meza yetu walimjua Hezroni, ndiyo maana waliinamisha vichwa. Walijua limemgharimu nini.

Anitha aliniambia juzi kwamba miaka yote hii alidhani baba alikasirika kunyolewa na mtoto wa kike. Sasa amejua. Alipokuwa anasema hayo alikuwa anacheka, uso umemnyooka kama wa mtu aliyetua ndoo. Mimi, Restituta, nimekaa nikamtazama mwanangu, nesi wa zahanati, karibu kuwa mke wa mtu, nikasema moyoni kwamba nimezaa. Mungu anisamehe, nilijivuna. Mpaka sasa najivuna.

Na nina jingine la kukuchekesha. Baada ya sendofu niliona aibu ya zile x, nikasema sasa nitaandika kwenye simu kama ninavyoandika kwenye karatasi. Jumatatu nikatuma kwenye kundi: "Ndugu wapendwa, nawashukuru nyote kwa upendo wenu. Mwenyezi Mungu awabariki." Maneno kamili, nukta mbili. Haikupita hata muda, dada yangu wa Tukuyu akampigia Tumaini, "Mama yenu mzima? Mbona simu yake imeshikwa na mtu mwingine?" Mwingine akaandika kwenye kundi kwamba watu wasitume hela, namba imeibiwa. Asajile naye akaniuliza maswali ya ukoo kuhakikisha ni mimi.

Basi nikarudisha. Nikaandika, "Ni mm jaman, 2po xalama." Wakatulia wote, wakatuma vikopa. Nikaona hizo x sasa ni zangu, nimezitolea jasho, na anayetaka kujua nina akili kiasi gani aje Bujonde anywe chai tuongee. Nguo zake nitazivua au nitazifua, atajua akifika.

Ila wewe nina ombi moja kwako. Lile jibu la nguo ulilolifuta mwezi wa tano nalitaka, na kile kikaratasi cha kwenye pochi pia. Nijibu upesi, mkwe, usikae wiki tatu. Andika kwa penseli yako hiyohiyo, lakini safari hii usinakili. Nitumie karatasi yenyewe, na uliyoyafuta nitayasoma kwa kuyaelekeza dirishani.

Wako, anayesubiri,
Atupele